Mpangaji Anahama: Jinsi ya Kufunga Hesabu za Maji, LUKU na Dhamana

Wenye nyumba wapya wanakwama pale pale kila mara. Mpangaji anaondoka Jumamosi kwa amani, mnaagana, anarudisha funguo na wewe unamrudishia dhamana yake yote. Jumatano inaingia bili ya maji ya laki na kitu. Unampigia, hapokei. Au mambo yanageuka: mpangaji anadai umemdhulumu, kwa sababu umemkata hela ya rangi na hakuna karatasi inayoonyesha ukuta ulikuwaje siku alipoingia.

Nasimamia nyumba ya familia yetu Dar es Salaam, na makosa hayo yote mawili nimeyafanya. Kilichonisaidia ni kanuni moja: namba za mita zisomwe na kuandikwa nyinyi wawili mkiwa mmesimama mbele ya mita, kabla funguo hazijabadilisha mkono. Funguo zikisharudi, kila namba inakuwa neno lako dhidi ya lake.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kupanga ya kawaida Tanzania, yenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) na maji ya mamlaka.

## Vitu vya kuandaa

- Mkataba wa upangaji, nakala yako.
- Picha na orodha ya hali ya nyumba siku mpangaji alipoingia. Kama huna, soma hatua ya 2 kwa makini.
- Bili ya maji ya mwezi uliopita na namba ya akaunti ya maji.
- Namba ya mita ya LUKU na ujumbe wa tokeni (namba zinazoingizwa kwenye mita baada ya kununua umeme) wa miezi ya karibuni. Mwombe mpangaji akutumie alizonazo.
- Daftari la risiti au miamala ya kodi.
- Simu yenye chaji, tochi, chaja ndogo ya kujaribia soketi, ndoo, na bluu ya kufulia kidogo.
- Karatasi mbili za makabidhiano, moja yako na moja yake.
- Kitasa kipya au silinda ya kitasa.

## Hatua ya 1: Pata notisi kwa maandishi

Mpangaji akikuambia mlangoni, "Mama, mwisho wa mwezi nahama," mshukuru, kisha mwombe akuandikie. Ujumbe wa simu unatosha, mradi uwe na tarehe ya kuhama. Ujibu, "Nimepokea, tutakabidhiana tarehe fulani saa nne asubuhi."

Muda wa notisi ni ule ulioandikwa kwenye mkataba. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja, kwako na kwake pia.

Hapa ndipo pa kuzungumzia kodi iliyobaki. Wengi hulipa miezi mitatu au sita mbele, na mtu anaweza kuhamishwa kazi mwezi wa nne. Angalia mkataba unasemaje. Kama uko kimya, mimi huwa nawaambia hivi: nitakurudishia miezi ambayo hujakaa, siku mpangaji mpya akilipa. Ni haki kwa pande zote, na mpangaji mwenyewe anakuwa wa kwanza kukutafutia mtu, bila dalali wala hela ya dalali.

Ukifaulu: una tarehe moja iliyoandikwa, na wote wawili mmeikubali.

## Hatua ya 2: Pita nyumbani wiki mbili kabla

Omba miadi. Usiingie chumba cha mtu kwa ufunguo wa akiba eti kwa sababu nyumba ni yako. Mpaka siku ya mwisho aliyolipia, pale ni kwake.

Lengo la ziara hii ni kumpa mpangaji nafasi ya kurekebisha mwenyewe kabla hujamkata. Kioo kilichopasuka akimwita fundi wake atatumia hela kidogo kuliko utakavyomkata wewe, na hakutakuwa na manung'uniko. Tembeeni chumba kwa chumba, kisha mwandikie orodha fupi: koki ya jikoni inavuja, kitasa cha choo kimevunjika, wavu wa dirisha la sebule umechanika.

Tofautisha uharibifu na uchakavu. Rangi iliyofifia baada ya miaka miwili, kitasa kilicholegea kwa kutumika, sakafu iliyokwaruzika pale mlango unapopita: huo ni uchakavu, na gharama yake ni yako, maana kodi aliyokuwa analipa ndiyo iliyonunua matumizi hayo. Mlango uliotobolewa, sinki lililopasuka, ukuta uliopakwa rangi nyingine bila ruhusa: huo ni uharibifu. Kitu kikiwa na utata na huna picha ya siku alipoingia, kiache. Huna ushahidi, na kumkata mtu kwa kukisia ni kumdhulumu.

## Hatua ya 3: Maji, kabla ya siku ya kuhama

Maji ndiyo yanayowaumiza wenye nyumba wapya kuliko kitu kingine, kwa sababu bili huja baada ya matumizi. Bili anayoiona mpangaji leo ni ya maji aliyokwisha kuoga mwezi uliopita. Akiondoka tarehe 30, maji ya wiki za mwisho bado hayajaandikiwa bili yoyote.

Na akaunti iko kwa jina lako. DAWASA kwa Dar es Salaam na Pwani, MWAUWASA kwa Mwanza, DUWASA kwa Dodoma, AUWSA kwa Arusha: zote zinamdai mwenye akaunti. Mpangaji akihama na deni, deni linabaki kwenye mita, na huduma ikikatwa, anayekosa maji ni mpangaji mpya asiye na hatia.

Fanya mambo matatu.

Kwanza, uliza ujumbe wa bili unaingia kwenye simu ya nani. Mara nyingi namba iliyosajiliwa ni ya mpangaji, kwa sababu ndiye aliyekuwa analipa. Akihama, bili zinamfuata yeye huko alikohamia na wewe huoni kitu mpaka wakatao maji wafike getini. Wasiliana na mamlaka ya maji wabadilishe namba ya simu iwe yako. Fanya hivi sasa, usingoje ahame.

Pili, omba salio la akaunti. Deni la zamani lilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyo kwenye bili, kisha akutumie ujumbe wa uthibitisho. Usipokee fedha taslimu ukiahidi kwamba utalipa baadaye. Ukisahau, deni limekuwa lako.

Tatu, pima kama kuna maji yanayovuja. Fungeni koki zote, mzime na pampu kama ipo, kisha mtazame mita. Kijigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja. Halafu tia bluu ya kufulia kwenye tangi la choo, msitumie choo kwa robo saa. Bakuli likigeuka bluu, choo kinavuja kimya kimya usiku na mchana. Nilikuwa na choo cha namna hiyo, na kwa miezi miwili nilimlaumu mpangaji kwamba anafulia mtaa mzima. Nilimwomba radhi na bili ya ziada nikailipa mwenyewe, kwa sababu kifaa kilichochakaa kilikuwa changu.

Ukifaulu: deni la zamani ni sifuri, simu iliyosajiliwa ni yako, na kigurudumu kimetulia koki zikiwa zimefungwa.

## Hatua ya 4: LUKU na kodi ya jengo

Watu wanadhani LUKU haina deni kwa sababu umeme unalipiwa kabla. Si kweli, na ugomvi wake ni wa aina mbili.

Wa kwanza ni yuniti zinazobaki. Tokeni ikishaingizwa, yuniti ni za mita ile na haziwezi kuhamishiwa nyingine. Mpangaji aliyenunua umeme wa elfu thelathini siku nne kabla ya kuhama anaacha fedha yake ukutani. Mwambie mapema: wiki mbili za mwisho nunua kidogo kidogo. Kitakachobaki, mlipe. Ni kitu kidogo, lakini mpangaji unayemrudishia hata elfu sita ya umeme anatambua kwamba hesabu yako ni ya haki, na makato mengine hayapingi.

Wa pili ni kodi ya jengo. Tangu tarehe 20 Agosti 2021 kodi hii inakusanywa kupitia manunuzi ya LUKU. Nyumba ya kawaida hulipiwa Sh 18,000 kwa mwaka, yaani Sh 1,500 kila mwezi, na ghorofa hulipiwa zaidi. Mita isiponunuliwa umeme miezi kadhaa, deni linajikusanya na kukatwa yule wa kwanza atakaponunua.

Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. LUKU ni mfereji tu wa kuikusanya. Mpangaji aliyenunua umeme kwa miezi minane amekulipia kodi yako miezi minane, na kama mkataba wenu hausemi vinginevyo, anastahili kurudishiwa. Fungueni ujumbe wa tokeni mhesabu. Utaona sehemu iliyokatwa imeandikwa peke yake.

Athari yake kwenye yuniti inaonekana wazi. Kwa mita ya matumizi ya kawaida, Sh 10,000 huleta karibu yuniti 28. Mwezi ambao Sh 1,500 imekatwa, zinakuja karibu 24. Ndiyo maana kwenye nyumba yenye LUKU moja ya pamoja, wapangaji hukwepa kuwa wa kwanza kununua tarehe mosi: anayetangulia ndiye anayebeba kodi ya nyumba nzima. Ukiwa mwenye nyumba, nunua wewe umeme wa kwanza wa kila mwezi, hata wa elfu mbili, na ugomvi huo utakwisha.

Kama LUKU ni ya pamoja, usijaribu kugawa yuniti zilizobaki kwa kukisia nani ana friji na nani ana pasi. Waulize wapangaji wote wanachangaje, kisha anayehama amalize mchango wake wa mwezi mbele ya wenzake. Ukiweza, weka mita ndogo ya ndani kwa kila mpangaji kabla ya kumpokea mwingine. Afanye fundi umeme mwenye leseni.

Mwisho, kagua mita kwa macho. Lakiri, yaani kile kifungo kinachoziba mita, iwepo na isiwe imekatwa, na kusiwe na waya unaoingia ndani bila kupita kwenye mita. Ukiona hitilafu, usiguse chochote. Piga picha na uwaarifu TANESCO siku hiyo hiyo. Ukikaa kimya, atakayeulizwa kesho ni wewe ambaye mita ina jina lako.

Ukifaulu: mnajua yuniti ngapi zimebaki, kodi ya jengo imekatwa miezi mingapi, na mita ni salama.

## Hatua ya 5: Siku ya kuhama

Fika asubuhi, kukiwa na mwanga wa jua, na ukubali kusubiri mpaka mzigo wote uwe kwenye gari. Nyumba haikaguliwi ikiwa na makochi. Doa, ufa na soketi iliyoungua hujificha nyuma ya kabati.

Fuata mpangilio huu:

1. Mita ya maji. Mara nyingi namba nyeusi ndizo yuniti, nyekundu ni lita. Yuniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Isome kwa sauti, naye aisome, kisha mpige picha inayoonyesha namba za matumizi na namba ya mita yenyewe.
2. LUKU. Piga picha ya yuniti zilizobaki. Kama nyumba yako ina kile kimashine cha kuingizia tokeni kilicho mbali na mita, ambacho wengi wanakiita rimoti ya LUKU, kishike mkononi. Huwa kinaingia kwenye boksi la vyombo kwa bahati mbaya, na bila hicho mpangaji mpya ataingia gizani.
3. Umeme ndani. Washa kila taa, chomeka chaja kwenye kila soketi.
4. Maji ndani. Fungua kila koki, vuta choo, mwaga ndoo kwenye kila mfereji wa sakafu uone kama maji yanashuka.
5. Milango, madirisha, nyavu, dari. Tochi itumike kwenye pembe na chini ya sinki.
6. Nje. Taka zimetolewa? Ada ya taka ya mwezi imelipwa?

Kila tatizo liandikwe hapo hapo. Msijadili bei bado. Mkianza kubishana kuhusu kioo mkiwa chumba cha kwanza, hamtafika cha tatu.

## Hatua ya 6: Pigeni hesabu mkiwa mmekaa

Tafuteni kivuli. Karatasi moja, pande mbili: anachodaiwa na anachodai. Wenye nyumba wengi wanaandika upande wa kwanza tu, na hapo ndipo chuki inapozaliwa.

Tuchukue mfano. Dhamana aliyoweka ni Sh 300,000. Bili ya maji ya mwezi uliopita, Sh 24,000, haijalipwa. Namba ya mita kwenye bili hiyo ni 1,214, na leo mmesoma 1,223. Ametumia yuniti 9 ambazo hazijaandikiwa bili. Chukua bei ya yuniti iliyo kwenye bili yako pamoja na tozo zake. Tuseme inafika Sh 2,000, basi ni Sh 18,000.

Anadaiwa:

- Bili ya maji iliyopita: Sh 24,000
- Maji yasiyo na bili: Sh 18,000
- Kioo cha dirisha na ufundi: Sh 35,000
- Ada ya taka: Sh 5,000
- Jumla: Sh 82,000

Anadai:

- Yuniti 31 za umeme: Sh 11,000
- Kodi ya jengo, miezi 8: Sh 12,000
- Jumla: Sh 23,000

Dhamana 300,000, toa 82,000, ongeza 23,000. Anarudishiwa Sh 241,000.

Gharama ya matengenezo itokane na bei ya fundi au ya duka la vifaa, si ya kichwani. Mpigie fundi mbele yake, weka sauti ya juu, aisikie bei mwenyewe. Na ukikata hela ya kioo, kanunue kioo.

Kama hukuchukua dhamana, kama ilivyo kwa vyumba vingi vya uswahilini, hesabu ni hiyo hiyo, ila lazima ikamilike kabla gari halijaondoka. Usilizuie gari na usishike vyombo vya mtu kama rehani. Hiyo inaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

## Hatua ya 7: Saini, fedha, funguo

Karatasi ya makabidhiano iwe na tarehe na saa, namba ya mita ya maji, yuniti za LUKU, orodha ya kasoro, hesabu nzima, idadi ya funguo, na saini zenu. Shahidi mmoja anatosha: jirani, au mjumbe wa shina akipatikana.

Lipa kwa simu au benki ili kumbukumbu ibaki. Kama fedha yote haipo siku hiyo, iandike ahadi na tarehe yake kwenye karatasi hiyo hiyo, kisha uitimize. Dhamana si mapato yako. Ni fedha ya mtu uliyokuwa umeitunza, na anayehama anaihitaji wiki hiyo hiyo kulipia huko aendako.

Baada ya hapo ndipo upokee funguo, ukizihesabu.

## Mkishindwa kuelewana

Mlipe sehemu ambayo hamna ubishi nayo, na iliyobaki iandikeni kwamba ina mgogoro. Nendeni kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa na karatasi zenu. Ugomvi wa kioo na maji mara nyingi unaishia hapo, mkiwa na picha. Ukiwa mkubwa, kuna baraza la kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumfungia mtu mlango, kung'oa bati au kukata umeme usifanye hata ukiwa na haki asilimia mia.

## Hatua ya 8: Siku hiyo hiyo, baada ya gari kuondoka

Badilisha kitasa, hata kama unamwamini. Hujui dada wa kazi au shemeji wangapi waliwahi kuchonga ufunguo.

Funga koki kuu ya maji na uzime swichi kuu ya umeme. Kama nyumba itakaa wazi zaidi ya mwezi, nunua tokeni ndogo kila mwezi ili kodi ya jengo isijikusanye na kumwangukia mpangaji mpya kwenye ununuzi wake wa kwanza. Bili ya maji ikija, linganisha namba yake na ile mliyoisoma. Ikizidi na nyumba ilikuwa tupu, rudi kwenye kipimo cha kigurudumu.

Kisha chukua karatasi mpya, andika namba za leo za maji na LUKU, piga picha kila chumba kikiwa kitupu na kisafi, na uziweke kwenye faili la mpangaji anayekuja. Siku ya kuingia atazisaini kabla hajashusha godoro.